Picha ya Joho Barazani

Kibamba, 4 Februari 2024

Mwanangu Adelina,

Za Songea? Mie mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia patasi kutwa.

Mwishehe, jirani yetu, amenishtaki Baraza la Ardhi. Anadai sehemu ya nyuma ya kiwanja ni yake, hadi pale tulipomzika mama yako. Sina wasiwasi. Gaspar wa parokiani alitaka kunitafutia wakili wa msaada, nikamkatalia. Tuna wakili wetu ndani ya nyumba, tukaombe wa nje? Kesi ni tarehe 11 Machi. Njoo na joho lako, lile la kwenye picha.

Baba yako

Songea, 7 Februari

Baba, shikamoo. Pole na mgongo.

Baba, mie si wakili. Nimesoma sheria, lakini digrii peke yake haitoshi. Kuna shule nyingine ya mafunzo kwa vitendo, ndipo mtu aapishwe kuwa wakili, na huko nilifeli. Lile joho la kwenye picha ni la mahafali tu, hata waliosoma kilimo walivaa. Hapa kazini napanga mikataba ya mbolea kwenye mafaili, na bosi amekataa kunipa ruhusa.

Mkubalie Gaspar, tafadhali. Na uende na mama Salma, yeye alikuwepo mlipopima kiwanja.

Binti yako

Kibamba, 20 Februari

Mwanangu, hujambo? Huku mvua tu.

Nimekuelewa. Hutaki ijulikane mapema, Mwishehe asije akajipanga. Mawakili mna siri zenu, na baba yako si mjinga. Mama Salma nimemwambia asihangaike, siku hiyo wakili ndiye atakayeongea.

Baba yako

Songea, 24 Februari

Shikamoo baba. Napiga simu hupokei.

Sifichi chochote. SIJI. Nakuapia kwa jina la mama, siku hiyo hutaniona. Nenda na shahidi wako!

Binti yako

Kibamba, 2 Aprili

Adelina, natumaini u mzima. Mie sijambo kidogo.

Nilikwenda peke yangu. Mwenyekiti akauliza mashahidi wako wapi, nikasema nina wakili. Yuko wapi? Nikatoa picha yako. Walicheka, mwanangu, hadi karani. Sikuweza kuvumilia kuona wanakucheka, nikachukua picha nikatoka kabla sijaulizwa lolote. Wakaendelea bila mie. Wiki iliyopita wameamua, sehemu ya nyuma amepewa Mwishehe.

Baba yako

Songea, 6 Aprili

Shikamoo baba. Nimelia sana, na mwenzio nimejilaumu.

Hujasikilizwa, tunaweza kuomba kesi irudiwe. Usisaini chochote. Ijumaa napanda basi.

Binti yako

Kibamba, 9 Aprili

Mwanangu, marahaba. Usilie.

Nimeshasaini kwamba nimekubali. Kule sirudi, wasije wakakucheka tena.

Lakini basi panda, nakungoja. Mwishehe si mtu mbaya. Anasema kaburini kwa mama yako tutaingia tu, ila kwanza tupige hodi kwake.

Baba yako