Fashi Yenye Haina Motoka

Likasi, tarehe 2 mwezi wa munane, 1961

Mama mukwe yangu muheshimiwa,

Nakusalimia na heshima yote. Afya yako namna gani? Magoti ingali inauma? Huku kwetu tunapumua. Martine anakusalimia sana.

Mama, unisamehe. Miaka munane tangu nilioa mutoto yako, minye na weye hatuyaongea hata siku moja, tukikutana tunageuza uso, maana heshima inakataza. Lakini karatasi haina macho, njo sababu naandika.

Unajua maneno ya mutoto yetu Hilaire. Tangu ile kamiyo ilimugonga mbele ya mulango na kumuua, dada yake Colette hatoke inje. Miezi tatu sasa. Akisikia moteri tu, anaingia chini ya kitanda, anaziba masikio. Na hii wakati ya basoda na bunduki, makamiyo inapita asubui mupaka magaribi. Munganga anasema: mumupeleke fashi yenye haina motoka hata moja, kama hapana atakomea mule mu nyumba.

Ku kazi ku usine bananipatia konji ya kupumzika majuma tatu, kuanzia tarehe kumi na ine. Twende wapi? Kambove, makamiyo ya mawe inapita. Kamatanda, vilevile. Ku mission ya Kapolowe, motoka na treni pia. Kwa kaka yangu François, barabara inapita karibu na mulango. Weye ulitembea inchi yote ya Lufira na samaki yako. Unionyeshe fashi.

Mukwe yako,
Barnabé


Kisiwani, tarehe 7 mwezi wa munane

Barnabé mukwe,

Salamu. Magoti inauma, aksanti kwa kuuliza. Ilianza kuuma mbele hujaoa, usijisumbue. Théodore katekista njo anaandika, minye nasema. Akikosa, kosa ni yake.

Umetaja fashi ine, na kisiwa yangu haimo. Hapa hata kinga ya magurudumu mbili haiko. Kuko mitumbwi na mabata tu. Unaogopa nini?

Ninajua. Siku ya ndoa yenu, bamama batatu balibeba nyungu ku kichwa toka huku ku ziwa, juu ya kukuingiza mu jiko yangu, ukule chakula ya mukono yangu kama desturi inavyosema. Ukasema mbele ya bantu yote: «Minye ni muntu ya centre, ya muji, ile ni maneno ya pori.» Bamama bakarudi na nyungu zao. Minye nililia nyuma yao njia yote, leo nakuambia.

Mulete mutoto. Lakini mukwe mwenye hayaingizwa hakanyage kwa mama mukwe. Na kukuingiza sasa haiwezekane: ndugu yangu alikufa, niko mu kilio, moto ya sherehe haiwake mupaka mwezi mupya ya pili ionekane juu. Martine na mutoto bavuke. Weye utabakia ng'ambo.

Mama mukwe yako


Ng'ambo ya ziwa, tarehe 17 mwezi wa munane

Mama mukwe,

Nakusalimia. Ulilala namna gani? Minye niko muzima, nalala mu banda ya kukausha samaki, nanuka moshi mupaka mu nywele.

Tulitembea siku mbili mu njia ya pori. Colette alikuwa ku kinga yangu, kichwa mu kitambaa ya mama yake. Pale Fidèle mwenye mutumbwi alibavusha, Colette hakugeuka kuniangalia.

Ile neno nilisema siku ya ndoa, nilikuwa mupumbafu. Nilitaka bandugu ya kazi banione mukubwa. Naomba musamaha, Mama.

Uniambie: anatoka?

Mukwe yako,
Barnabé


Kisiwani, tarehe 22

Barnabé mukwe,

Salamu. Neno yako nimeisikia. Nilimwambia Théodore aisome mara mbili.

Hatoke bado. Siku ya kwanza aliniuliza: «Nkambo, motoka munaifichaka wapi?» Nikamubeba ku mugongo, na haya magoti, tukazunguka nyuma ya nyumba yote kumi na moja. Tukafungua na jiko ya bantu. Bakatucheka! Sasa anaikala ku mulango, miguu ndani, anaangalia mabata. Anakula samaki kuliko minye.

Mama mukwe yako


Ng'ambo, tarehe 26

Mama mukwe,

Nakusalimia. Jumamosi ijayo konji inaisha, na mwezi mupya ingali mbali. Nitarudi bila kumuona mutoto yangu? Acha nivuke saa moja tu. Sitaingia kwako, nitasimama ku maji.

Barnabé


Kisiwani, tarehe 27

Barnabé mukwe,

Salamu. Hapana.

Mama mukwe yako


Ng'ambo, tarehe 1 mwezi wa kenda

Mama mukwe,

Nakusalimia. Natumaini afya ni muzuri.

Nilikasirika siku tatu, njo sababu sikuandika. Nilisema na mudomo yangu: huyu mama anakula kisasi juu ya nyungu. Kisha nikakumbuka nani alileta haya.

Basoda banajaa ku barabara ya Elisabethville, bantu banasema vita inakuya. Nisipofika kazini siku ya kwanza ya juma, bataweka mwingine. Kesho asubui naondoka. Martine na Colette babakie kwako, hata mwaka, hata miaka. Kule Likasi sina fashi ya kumuficha mutoto. Moyo inaniuma sana, Mama, lakini pale iko muzuri kuliko kwangu.

Umwambie baba yake alikuwa hapa siku zote.

Mukwe yako,
Barnabé


Kisiwani, tarehe 2, asubui

Barnabé,

Afya tutaulizana kisha. Théodore, andika mbio!

Colette alikuona ng'ambo unafunga mizigo ku kinga. Akatoka mu mulango. Peke yake! Akapita nyumba yote mbio mupaka ku ziwa, akaingia maji mupaka ku magoti, anakuita. Martine anamushika, mutoto anakataa kurudi. Weye upepo unakuzuia kusikia, lakini huku kisiwa yote inasikia.

Kilio yangu haiyaisha. Mwezi haiyaonekana. Moto sijawasha, na kuku ya kukupikia angali anatembea. Bamama banasema nitaleta aibu. Ni aibu yangu, nitaibeba minye. Ndugu yangu alipenda batoto, hatanikasirikia.

Fidèle anakuletea hii barua. Usijibu, panda mu mutumbwi. Utakula viazi ya jana. Nitasimama mu mulango ya jiko, na sitageuza uso.

Mama yako