Fundi Aliyenilea Kazini Ameanza Kusahau

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nimebaki njia panda na sina wa kumwambia, mimi ni fundi wa kompyuta hospitalini, nafanya kazi na mzee mmoja ambaye wote tunamwita Baba Waya, ndiye aliyenipokea nikiwa hata kufungua seva sijui, akanifundisha kila kitu bila kunikaripia, na baba yangu mzazi alipofariki alikaa nami msibani mpaka wengine wote wakaondoka, kwa hiyo nikimwita baba ujue siigizi.

Sasa hospitali imenunua mtambo mpya wa kuhifadhi kumbukumbu, ule wa zamani umechoka, na kazi yetu Jumapili hii ni kuhamisha diski pepe zote kutoka ule kwenda huu, yaani zile diski zisizoshikika mkononi, ila ndani yake mna majibu ya maabara, picha za eksirei, kadi za wajawazito, kila kitu, na mkuu wetu wa kitengo amempa Baba Waya aongoze, kama heshima ya kumuaga kabla hajastaafu.

Juzi tulikuwa tunafanya majaribio, yeye ameketi, mimi nimesimama nyuma yake, tukafika pa kuchagua diski ya kupokea, nikaona amechagua ile iliyojaa kumbukumbu za wodi ya wazazi, na angebonyeza tu mtambo ungeandika juu yake na kufuta yote, nikamshika mkono nikasema, "Baba, hiyo ina watoto ndani!" Akaitazama skrini kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua, kisha akacheka, "Macho haya, mwanangu." Lakini si macho, Shangazi, maana siku hiyo hiyo mkewe alinipigia akaniuliza kama huko kazini huwa anakula, kwa sababu nyumbani anauliza chakula kiko wapi na sahani iko mbele yake.

Tukiwa tunatoka aliniambia taratibu, "Jumapili ukae karibu nami. Usiniache." Nikamwahidi. Mkuu aliponiuliza kama mzee yuko sawa, nikasema yuko sawa kabisa. Nikisema ukweli namvunjia heshima mwishoni mwa kazi yake, nikinyamaza naogopa. Nifanyeje?

Binti wa chumba cha mitambo

*

Marahaba, binti yangu. Futa machozi kwanza. Mtu akipata mwanafunzi wa kumlilia hivi, hakufundisha bure.

Sasa nikugombeze kidogo. Unadhani unamsitiri, kumbe unamficha. Mgonjwa akifichwa hatibiwi. Na ile "yuko sawa kabisa" uliyomwambia mkuu, kesho asubuhi uende ukaifute. Kuna akina mama waliojifungua juzi, kumbukumbu zao zimo humo, nao hawana habari na mapenzi yenu.

Lakini kabla ya mkuu, anza na mwenyewe. Nenda kwake leo, mkewe awepo, umwambie ulichokiona bila kuzungukazunguka. Mtu anayesema "usiniache" ameshajua. Mpelekeni kwa daktari. Kusahau kwingine kuna dawa. Mnafanya kazi hospitalini, jamani, mtu augue kichwa kwenye korido zenu bila kupimwa? Jumapili kibodi ushike wewe. Na kwenye mtambo wa zamani msifute kitu mpaka wauguzi wa kila wodi wafungue kumbukumbu zao kwenye mpya na kuridhika.

Hayo nilimjibu kwa simu, maana Jumapili isingesubiri gazeti. Juzi alinipigia, akaniruhusu niwaeleze ninyi wasomaji.

Alimkuta mzee uani akikunja nguo na mkewe. Alipomaliza kusema, mzee aliendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuwa naogopa utaniona sina maana," akasema.

"Baba, mimi?"

Mkewe akalichukua lile shati. Mzee akauliza, "Kibodi atashika nani?"

"Mimi."

"Basi mimi nitasoma majina ya diski kwa sauti. Usibonyeze mpaka tumekubaliana wote wawili."

Mkuu aliambiwa, naye hakupiga kelele. Aliomba fundi mwingine awe tayari, heshima ya mzee akaiacha palepale. Daktari amempa dawa na miadi ya kurudi, hajaahidi makubwa. Jumapili mchana diski zote zilihama. Muuguzi wa wodi ya wazazi alifungua kadi moja baada ya nyingine, akasema, "Wote wapo."

Walipobaki wawili, Baba Waya aliuliza, "Tumemaliza?"

"Tumemaliza, baba."

Baada ya muda kidogo akauliza tena. Binti akamjibu tena, kwa sauti ileile.

Hivyo hivyo, binti yangu. Kila atakapouliza, mjibu.