Mbegu Moja ya Mama Iliyobaki

Kaka Abdiel,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu ya malezi ya mama, siyo kwa sababu unastahili.

Chai iko kwenye chupa. Ndizi zimebaki kwenye sufuria ndogo. Ukimaliza uioshe, haijioshi yenyewe.

Lile kopo la mchanga ulilolitoa kwenye friji jana ili soda zako zipate nafasi halikuwa uchafu. Zilikuwa mbegu za heleboro, za mwisho kutoka kwenye ua alilopanda marehemu mama. Heleboro haioti mpaka ipigwe na baridi ndefu, ndiyo maana nilizilaza humo wiki kumi. Asubuhi nimelikuta kando ya jiko, mchanga umekauka kama unga. Nilipokuuliza ukanijibu ukiwa bado kitandani, "Irine, mbegu inataka joto. Chuo gani hicho hawakufundishi hata hilo?"

Sasa nakujibu: mahindi ndiyo yanataka joto, bwana mtaalamu.

Kumi na moja zilikuwa zimeshatoa mizizi. Zimekufa. Moja bado mbichi, nimeipanda kwenye chungu kidogo pale dirishani.

~~Usilisogelee hilo dirisha.~~ Mimi narudi kutoka Usa River jioni, na nyumbani upo wewe tu. Jua likifika dirishani saa nane, kihamishie chungu kivulini. Baada ya hapo usifanye kitu kingine chochote. Hilo najua unaliweza.

Mdogo wako,
Irine