Matango Yangu Yanalika

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na mwandiko wangu unisamehe, maana barua hii nimeiandika siku tatu kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa hapa kwetu kando ya mto Narew kila mtu atakuambia Hieronim Sakowicz hajamwomba mtu msaada tangu azaliwe, na ni kweli, nina miaka sabini na nne, nyumba nimejenga mwenyewe, mapipa ya mwaloni nachonga mwenyewe, na matango yangu ya chumvi hayana mfano, sisemi kwa kujisifu, ndivyo yalivyo, nayatia bizari na kitunguu saumu na jani la mwaloni, siki haijawahi kuvuka kizingiti changu, mapipa nayazamisha mtoni kabla maji hayajaganda, yanalala chini ya barafu msimu mzima, na Pasaka nikiyaopoa hata padri hufupisha misa.

Sasa mapipa yangu kumi na mawili yamefungiwa kwenye uwanja wa forodha, kule daraja la Odra mpakani na Wajerumani, na binti yangu Bogumiła hasemi nami, na Ijumaa tarehe ishirini na mbili mwezi huu wa Mei, mwaka 1998, wanakaa kikao wamnyang'anye leseni.

Bogumiła ni wakala wa forodha. Ana kibanda chake pale darajani, anawajazia watu karatasi za mizigo, leseni aliisomea miaka miwili baada ya kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi kufungwa, na kwa leseni hiyo analea watoto wawili peke yake. Ndiye aliyenisomea karatasi zangu zote tangu ana miaka minane, maana mimi, mshauri, kusoma nasoma, ila polepole, na hilo sijamwambia mtu.

Mwezi wa tatu bwana mmoja mwenye mkahawa Berlini akataka mapipa kumi na mawili, tena akayataka kabla ya Pasaka. Nikayaopoa. Bogumiła akanipigia simu.

"Baba, matango yako tayari kuliwa, au bado?"

Nikamwambia, "Tango langu kabla ya Pasaka bado si tango. Anayelila mwezi wa tatu ni nguruwe."

"Baba, acha mzaha, nauliza kwa ajili ya karatasi. Kwenye kitabu cha forodha matango yana vyumba vitatu. Kuna ya siki. Kuna ya chumvi yaliyo tayari kwa mezani. Na kuna yaliyotiwa maji ya chumvi kwa muda tu yasioze njiani, bado hayafai kuliwa. Yako niyatie chumba gani?"

"Siki umeitaja mbele yangu? Andika hayafai kuliwa. Huyo Mjerumani ayaweke ghalani yaive."

"Una hakika? Watayafungua, baba."

"Unamfundisha nani matango, wewe?"

Basi akaandika. Nikasafiri na lori, nikafika kibandani kwake, nikatia sahihi bila kusoma.

Pale darajani afisa wa upande wa pili akaja na mkalimani wake, akaitazama karatasi, akayatazama mapipa, na mkalimani akasema kwa sauti, "Mzee, hapa imeandikwa matango haya hayaliki." Mshauri! Mbele ya madereva wote waliopanga foleni! Na katika foleni alikuwemo Rogala, jirani yangu, anayeweka matango yake kwenye chupa, naye akivusha mzigo wake, akapaza sauti, "Kumbe hata serikali imeshajua!" Wakacheka. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikachukua nyundo nikavunja kifuniko cha pipa la kwanza, nikatoa tango, nikaliuma, likalia kama theluji chini ya buti. Nikampa afisa. Akala. Akaomba la pili.

"Muulize," nikamwambia mkalimani, "yanalika au hayaliki?"

"Anasema hajapata kula tango kama hili."

Madereva wakapiga makofi, Rogala akaangalia viatu vyake, nami nikageuka kumtafuta binti yangu anione. Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, mkono mdomoni. Hakuwa akicheka. Yule afisa akapangusa vidole kwa kitambaa, akachukua karatasi yetu, akaanza kuandika. Matango yakiwa yanalika, basi karatasi ni ya uongo, na kwa kuwa yale ya chumba kile hutozwa ushuru mdogo, uongo wenyewe ukahesabiwa kuwa wa makusudi, na jina lililo chini ya karatasi kama mjazaji ni la Bogumiła.

Jioni ile akaniambia, "Baba, waandikie kwamba nilikuuliza, na kwamba wewe ndiye uliyesema hayafai."

Nikasema, "Niandike kwa mkono wangu kwamba matango ya Sakowicz hayafai kuliwa? Rogala ataibandika mlangoni pa kanisa."

"Baba, matango unayo maelfu. Binti unaye mmoja."

Hapo ndipo nikasema neno ambalo sasa linanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikasema, "Binti asiyejua kujaza karatasi asimtupie babaye lawama." Akachukua koti lake. Wiki ya tisa hii, nikipiga simu anapokea mjukuu, anasema mama hayupo, nami namsikia mama akikohoa.

Mke wangu Teodozja hajanigombeza. Ila kila siku chakula cha mchana ananiwekea mezani chupa ya matango ya siki, ya dukani, yenye picha ya bwana mnene kwenye karatasi. Miaka hamsini ya ndoa! Nikamuuliza, "Hiki nini?" Akasema, "Matango. Haya karatasi yake haina kesi."

Na juzi dereva mmoja amenipitishia habari kwamba jua la Mei limeyapiga mapipa yangu pale uwanjani, pete za chuma zimefyatuka, maji ya chumvi yanatiririka hadi barabarani, matango yamekuwa laini kama sabuni, nzi hawahesabiki. Hayafai kuliwa. Ile karatasi sasa imekuwa kweli, mshauri, na mimi ndiye mwongo.

Nakuomba uniambie, nimwandikie mkubwa gani wa forodha atamke kwamba matango yangu siku ile yalilika, na hapohapo binti yangu asinyang'anywe leseni? Mimi najua kila kitu, muulize yeyote huku kwetu. Hili silijui. Natazama mto mchana kutwa, na mapipa matupu yananitazama mimi.

Hieronim Sakowicz, fundi mapipa na bingwa wa matango

*

Mzee Hieronim,

Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta ya haraka, kwa sababu gazeti litatoka Jumatano na kikao ni Ijumaa, na wewe umeshapoteza wiki tisa.

Pole kwa mapipa. Nasema pole ya kweli, najua maana ya kazi ya msimu mzima kuoza mbele ya macho. Pole yangu inaishia hapo.

Unataka mkubwa atamke kwamba matango yalilika. Alishatamka yule afisa. Alikula mawili. Unataka wangapi tena? Simuni ulijisifu kwamba matango yako hayaliwi kabla ya Pasaka, darajani ukajisifu kwamba yanaliwa palepale, na kati ya majisifu hayo mawili amebanwa mwanamke ambaye kosa lake ni kumsadiki baba yake. Alikuuliza kwanza, akarudia kukuuliza. Nimehesabu kwenye barua yako mwenyewe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; wewe wajukuu unao wawili, na wanakula kwa leseni ile.

Sitakudanganya. Leseni inaweza kwenda. Wakala hutakiwa kuuona mzigo kwa macho yake kabla ya kuuandikia, na kikao kitamwambia hivyo. Lakini kukosea ni jambo moja na kudanganya kwa makusudi ni jambo jingine, na mwenye kuwatofautishia mambo hayo mawili ni wewe peke yako, hakuna mwingine aliyekuwa kwenye simu ile.

Kwa hiyo ukisoma hapa, chukua kalamu ileile. Mimi umeniandikia kurasa nne. Wao waandikie mistari mitatu. "Binti yangu aliniuliza kama matango yako tayari. Nilimjibu kwamba hayafai kuliwa, na alipouliza tena nilimkaripia. Karatasi aliijaza kwa neno langu." Tia sahihi. Usiongeze mstari wa nne, maana nakujua sasa, wa nne utakuwa wa kusifu matango.

Usiitume kwa posta. Alhamisi panda treni uipeleke mwenyewe. Mapipa watilie sahihi yamwagwe, usibishane, wala usiombe kuonja. Rogala akicheka mwache acheke, tumbo ni lake. Na wakikuambia kikaoni usome kwa sauti, soma. Soma polepole kama unavyosoma. Unaogopa nani atakujua? Anayekusomea tangu ana miaka minane atakuwa amekaa humohumo ndani.

Hata baada ya hapo huenda asikusemeshe. Usimdai. Rudi nyumbani, na ukiikuta ile chupa mezani, usimuulize mkeo ni nini. Kaa, ule.