Nukta za Bluu na Nukta Nyekundu

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wanao. Natumaini goti lako limepoa na umeacha kukimbilia gereji kila fundi anapoangusha spana. Sisi huku wazima. Kitinda mimba wangu ameota meno ya mbele na sasa anang'ata kila mtu bila ubaguzi. Mama yuko kwangu wiki hii. Anakula vizuri, anatembea mpaka dukani na kurudi, na fimbo ameikataa kwa sababu anasema inamzeesha. Ameniagiza nisikuandikie kwa hasira. Nimemwambia nitajaribu.

Najua utashangaa kupata barua. Tangu tugawane magari ya marehemu Baba tunasemezana kupitia Mama, mwambie mwanao, mwambie binti yako, na simu yangu unaiacha iite mpaka ichoke yenyewe. Barua ni tofauti. Ukiianza utaimaliza, nakujua, wewe hata karatasi ya dawa unaisoma mpaka jina la kiwanda.

Nilikwenda kwenye ule mkutano wa chuo kikuu. Wewe pia ulialikwa, ila nasikia kadi yako umeigeuza kifuniko cha glasi ofisini. Ulikuwa mkutano wa wataalamu wa mifumo ya usafiri yenye akili. Dereva wangu mkuu, yule wanayemwita Breki, aliposikia jina hilo aliuliza kama wa kwetu sisi ndio usafiri wa wajinga. Nikamjibu kwamba hicho ndicho ninachokwenda kuhakikisha.

Mlangoni walinivalisha beji. Wenzangu vifuani mwao waliandikwa Profesa, Daktari, Mhandisi. Mimi niliandikwa Mdau. Nikamuuliza binti wa mapokezi mdau ni cheo gani, akasema ni mtu anayehusika na jambo. Nikamwomba basi aniandike Mwenye Mabasi Tisa, maana nimeyahangaikia moja moja. Akacheka, akasema nafasi haitoshi. Kaka, unajua nilivyoanza. Tulipogawana, ulibaki na jina la Baba, yadi yenye paa na magari yanayowaka kwa ufunguo. Mimi nilipata lile basi la mlango wa kamba, lililokuwa likisukumwa na abiria wake kila asubuhi, na nauli wakalipa. Silisemi kwa hasira. Nalisema kwa kumbukumbu.

Asubuhi nzima nilielewa nusu nusu. Bwana mmoja alieleza jinsi taa za barabarani zitakavyozungumza na magari, nami nikawaza kwamba taa za kwetu kwanza zingejifunza kuwaka. Wakati wa chai, wataalamu wote hao wa foleni walijipanga foleni moja ndefu kwenye meza moja, na ng'ambo ya ukumbi kulikuwa na meza nyingine yenye birika mbili na hakuna mtu. Ningewacheka zaidi kama na mimi nisingekuwa katikati ya foleni ileile.

Baada ya chakula cha mchana ndipo akapanda jukwaani yule dada mtafiti, daktari wa chuo, aliyefunga vifaa vya kufuatilia safari kwenye mabasi yetu. Ndiyo, yetu sote. Mimi nilimkubalia ili nipate ushahidi kwamba magari yako yanayazibia yangu njia. Baadaye aliniambia kwamba wewe ulimkubalia kwa sababu hiyohiyo, na kwamba kila mmoja wetu alimkataza kumtaja mwenzake ofisini kwake.

Ukutani alionyesha njia yetu, kutoka stendi mpaka hospitali kuu. Mabasi ya kampuni aliyoiita A yalikuwa nukta za bluu, ya kampuni B nukta nyekundu. Hakutaja mtu. Lakini A ina mabasi kumi na moja na B ina tisa, kwa hiyo sikuhitaji miwani. Nukta zikaanza kutembea. Nyekundu inasimama kituoni, inasubiri, inasubiri, bluu ikichungulia tu kwenye kona, nyekundu inachomoka mbele yake kuwazoa abiria. Kituo kinachofuata, bluu inalipiza. Zinakwenda mbili mbili, tatu tatu, zinakimbizana kama watoto walionyang'anyana mpira, na nyuma yake barabara tupu, nusu saa hakuna hata nukta. Daktari akasema, kwa ile sauti yao ya upole, kwamba mwenendo huu hauelezeki kwa ushindani wa kawaida wa biashara, na kwamba wenye kampuni hizi ama wana kesi mahakamani ama ni ndugu. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Nilitaka nimkamate kwenye hesabu. Nikageuza ratiba ya mkutano, nikapiga hesabu nyuma yake. Kwenda na kurudi ni dakika mia moja, mabasi yako na yangu ni ishirini, gawanya, basi moja kila dakika tano. Nikaondoa gari moja bovu, nikaondoa jingine la akiba, bado haikufika dakika sita. Na abiria wetu wanangoja nusu saa, kisha yanawajia matatu kwa mpigo, hayajajaa, yanapigiana honi. Yule mwanamke alikuwa sahihi kabisa, nami nikabaki sina wa kugombana naye.

Kisha akafika kwenye jambo ambalo alisema limemshinda. Kulikuwa na siku nne ambazo nukta zilitulia. Bluu, nyekundu, bluu, nyekundu, zimeachana sawasawa kama vifungo vya shati. Alikuwa amechunguza mvua, likizo za shule, bei ya mafuta, hakuona sababu. Akawaomba wenzake wamsaidie. Mmoja akasema labda vifaa viliharibika, mwingine akasema labda askari wa barabarani walikuwa wengi. Mimi nilikuwa naangalia tarehe pale ukutani, nami nilizijua.

Zilikuwa siku ambazo Mama alilazwa. Wewe umekaa upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, na yule muuguzi mkali ametuzimisha simu sote wawili. Hakuna aliyempigia msimamizi wa stendi kuuliza magari ya mwenzake yamefika wapi. Hakuna aliyemfokea dereva. Tulipowaacha, vijana wako na wangu walipeana zamu wenyewe. Nilimuuliza Breki jioni ya siku ya mkutano akakubali bila kubabaika, akasema ndizo siku pekee alizokula chakula cha mchana kikiwa cha moto.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu, kabla hujalisikia kwa watu. Nilisimama, Kaka. Nikasema hilo linalowashinda mimi ninalijua. Nikasema B ni mimi, na A ni kaka yangu, tumbo moja, na siku zile mama yetu alikuwa mgonjwa. Mzee mwenyekiti, aliyekuwa akiwakatiza wasemaji kwa kengele tangu asubuhi, aliiweka kengele mezani. Akaniuliza taratibu kama A angekubali mabasi yote yaondoke kwa zamu kwa mwezi mmoja, ili wapime. Nikamjibu kwamba A ni mkaidi, lakini kugawanya alinifundisha yeye, kwa vifuniko vya soda, sakafuni jikoni, na sijawahi kumwona akikataa jibu lililo sahihi. Watu wakapiga makofi. Makofi yakanilevya, nikasikia mdomo wangu ukisema atakubali.

Nimekusemea bila ruhusa yako. Kwenye karatasi yao ya makubaliano nimesaini upande wangu tu, upande wako uko wazi. Usidhani nimesamehe tulivyogawana, hilo tutabishana nalo tukistaafu, tukiwa na nafasi. Wala sitaki tuunganishe kampuni, jina baki nalo. Lakini njia ile inaishia hospitali. Wengi wanaosimama juani vituoni wanakwenda kumwona mtu, na wanachelewa kwa sababu ya mimi na wewe.

Mama anakusalimu sana, na anasema Jumapili nyama ya kwako utaikuta kwenye sufuria kama utakuja. Msalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao hajawasahau.

Jumatatu asubuhi, siku ya kuanza mwezi huo wa kupima, basi langu la kwanza litakuwa stendi, mlango wazi. Nimemwambia Breki asitoe gurudumu mpaka la kwako litangulie. Ukiliagiza na la kwako lingoje langu, kama tulivyozoea, yatakaa pale yote mawili na abiria watatutukana kwa usawa. Tangulia wewe, ndiye mkubwa. Mimi nitakuja nyuma yako baada ya dakika tano, si kabla.

Ni mimi mdogo wako wa kike,
anayekupenda na bado ana kinyongo kidogo.