Sikio la Kushoto na Mayai ya Malaba

Malaba, Jumapili

Mama Wakesho,

Kwa masikitiko makubwa na kwa heshima zote zinazostahili, natangaza kifo cha shati langu la mistari, lililotutoka hapa Malaba Jumanne asubuhi kwa mayai mabichi na matapishi. Mazishi yalifanyika kwenye pipa la taka. Baada ya hilo, nakusalimu. Wakesho amepona kikohozi? Goti la mama linamruhusu kufika kisimani? Mimi ni mzima, ila bado nanuka.

Najua Mwadime, jirani yetu dereva, ameshafika hapo Voi na lori lake na kusema aliniona nimelala barabarani, nimelewa. Dada yangu ameniambia umeanza kufunga nguo urudi kwa baba yako, maana ulikubali kuolewa kwa ahadi moja tu: kwamba sitagusa pombe. Simu zangu hupokei. Basi soma hii kabla hujakaza kamba.

Nilikuwa nasukuma baiskeli yenye trei za mayai ya Uganda, napeleka stoo ya Mama Amoit, tajiri wangu. Nikageuza kichwa kushoto niangalie lori. Dunia ikageuzwa kama chapati. Nikaanguka, baiskeli ikaniangukia, mayai yakatuangukia sote. Kisha nikatapika, juu ya mayai. Nzi walifika kabla ya watu. Ute uliniingia shingoni mpaka ndani ya soksi, jua likaukausha, ngozi ikakaza kama imepakwa gundi.

"Mzee, pombe ya waragi saa hii? Hata chai hujanywa!" akasema muuza ndizi.

"Si waragi, huyu amerogwa," akasema mwenzake.

"Uchawi gani unanuka hivyo? Boss, geukia kule, usinitapikie malapa!" akajibu muuza ndizi.

Mwadime alikuwa kwenye foleni ya malori. Akashusha kioo, akatazama, akapandisha kioo. Huo ndio ushahidi wake wote.

Watu wakanibeba hadi zahanati. Daktari alinilaza, akageuza kichwa changu kushoto, akanikazia macho. Yangu yalikuwa yakiruka yenyewe. Nikatapika tena, kwenye beseni ambalo halikuwa limeoshwa tangu mgonjwa aliyenitangulia. Sitaeleza zaidi. Akasema ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo kama vumbi, na vyangu vya sikio la kushoto vimehama mahali pake. Unanijua, sikuridhika, nikasoma kwenye simu mpaka betri ikaisha.

Ndani kabisa ya sikio, Mama Wakesho, kuna kipimo cha kujua kichwa kimeinama vipi. Kutoka hapo mshipa wa fahamu unaingia chini ya ubongo, kwenye kituo cha mizani ya mwili. Kituo hicho kimeunganishwa na macho, shingo, miguu, hata na sehemu inayoamuru kutapika. Sikio moja likisema uongo, kituo hakiulizi, kinasambaza tu. Ndivyo mlivyo huko: Mwadime anasema neno mlangoni, mama anapinda shingo, mchungaji anatoa macho, na wewe unafunga mzigo. Lakini kisogoni kuna ubongo mdogo ambao hujaribu kusahihisha habari. Huo ndio naomba uwe wewe.

Wala si mimi peke yangu. Katika soko la Angurai nilimwona mbuzi shingo imepinda, macho yanaruka, anazunguka palepale huku mate yakimtoka. Waliomleta walisema amerogwa, na bado walitaka kumuuza awe wa supu. Mbuzi, paka, panya, mimi: nyaya ni zilezile. Mbuzi hakuna aliyemuuliza alikunywa wapi.

Daktari alinigeuza kichwa huku na huku kwa utaratibu wake, kizunguzungu kikaisha. Kazini nimerudi.

Nisalimie mama, mjomba fundi cherehani, na shangazi wa kwaya, ingawa najua ameegemea upande wa Mwadime. Mbusu Wakesho.

Nilimwomba daktari aniandikie karatasi kwamba macho yangu yaliruka, ili uamini haikuwa pombe. Akasema ataandika nikitaka, lakini haitasaidia. Mtu aliyelewa, naye macho humruka.

Mumeo,
Baba Wakesho