Sahani ya Mgeni

Dada Mwajuma,

Cheka tu: yule mwenyekiti wa kijiwe cha kahawa cha Ujiji sasa anabeba viroba vya mchanga wa dhahabu huku Kabambare, Kongo. Bado nipo, ila mgongo umeshatangulia kurudi nyumbani.

Mvua hainyamazi. Mchana wachimbaji hukaa chini ya turubai, wakazunguka sinia moja la ugali wa muhogo, wenyewe huuita bukari, na sombe, yaani kisamvu, iliyoelea kwenye mawese. Mimi nilikuwa napewa sahani yangu peke yangu, pembeni, na kipande kinono cha samaki. Nikajivuna, nikadhani ni heshima ya mvi.

Mwezi uliopita nikamuuliza mama mpishi, "Mbona sili na wenzangu?"

Akacheka. "Papa, ile iko sahani ya mugeni. Kila siku unasema utarudi kwenu Kigoma. Mutu wa kurudi, atatia mukono mu sinia ya nini?"

Basi nikaacha kutaja kwetu. Sitaji ziwa, wala samaki wake migebuka, wala wewe. Jana mwenzangu mmoja akanivuta shati: "Papa Kigoma, kuja, bukari itapoa!" Nikala nao, nikaambulia mkia wa samaki na vicheko.

Nilifurahi, dada, kisha nikakosa mtu wa kuzungumza naye habari za kwetu. Kwa hiyo nakwambia wewe, maana hapa siwezi tena kulisema: nitarudi. Mungu akutunze mpaka hapo, wewe na wanao.

Kaka yako,
Rashidi